AC ya kawaida, inveta au ile kubwa ya BTU 18,000? Jua kwanza hewa ya mdomoni mwa AC inatakiwa iwe nyuzi ngapi kwa fukuto la Dar

Kaskazi ikishashika, kuanzia Desemba mpaka Machi hivi, malalamiko ya AC hapa Dar ni yale yale. Mtu kanunua AC mpya, kaweka rimoti 16, kachukua kipimajoto kakiweka pale hewa inapotokea, anasoma nyuzi 20, basi anapiga simu dukani kwamba kauziwa mzigo mbovu. Mwingine yuko Kariakoo dukani, kaweka mkono mbele ya AC ya maonyesho, inampuliza baridi mpaka anarudisha mkono, anasema nifungie hii hii, akifika nayo Mbagala kwenye chumba cha bati na madirisha ya luva haoni ile baridi aliyoilipia. Wote wawili wameangalia kitu kimoja, ubaridi wa hewa inayotoka, na wote wawili hicho kitu peke yake hakijawaambia walichotaka kujua.

Ninachotaka kufanya hapa ni kulinganisha AC ambazo watu wengi wa Dar wanazifikiria kwa ajili ya chumba cha kulala au sebule ya kawaida: spliti (AC ya vipande viwili, kimoja ndani kingine nje) ya kawaida ya BTU 12,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza), spliti ya inveta ya 12,000, ile ya 18,000 ya "niweke kubwa nisisumbuke", halafu na zile za kukwepa gharama ya fundi, ya magurudumu yenye bomba la dirishani pamoja na feni za maji. Ila lazima tuanze na namba, maana bila namba kila muuzaji ana AC nzuri kuliko ya jirani yake.

Joto la Dar ni joto na maji. Chukua mchana wa Februari, chumbani kuna nyuzi 30 na unyevu asilimia 75, hapo kila mita moja ya ujazo ya hewa imebeba karibu gramu 23 za maji. Chumba cha mita 4 kwa 4 chenye dari ya mita 3 ni mita za ujazo 48, piga hesabu, kuna zaidi ya lita moja ya maji imetanda humo chumbani na huioni. Ili ulale vizuri, tuseme nyuzi 25 na unyevu asilimia 50, hewa hiyo hiyo inatakiwa ibaki na gramu 11 na ushee tu. Yaani nusu ya maji yote AC iyatoe, na kabla haijamaliza mengine yanaingia kwa chini ya mlango na kwenye upenyo wa dirisha, na nyie mliolala humo mnaongeza kwa jasho na pumzi.

Sasa kuugeuza mvuke uwe maji ni kazi, na kazi hiyo inakula nguvu za AC. Kila lita moja inayodondoka kwenye ule mpira wa nje imechukua karibu kilowati-saa 0.68 ya ubaridi (naongelea ubaridi, sio uniti za LUKU). AC ya BTU 12,000 ina uwezo wa kama kilowati 3.5 za ubaridi. Kwa hiyo ikiwa inadondosha lita moja na nusu kwa saa, na msimu wa fukuto hiyo ni kawaida kabisa, karibu BTU 3,500 kati ya zile 12,000 zimeenda kukamua maji, na hizo hutaziona kwenye kipimajoto hata ukipimaje. Ziko kwenye ndoo huko nje. Ndo maana mimi kabla ya kumwambia mtu AC yake mbovu naangalia kwanza ule mpira, kama unachuruzika maji mfululizo huku chumba bado kina fukuto basi kuna kazi inafanyika humo ndani, tuipe muda.

Halafu kuna jambo wauzaji wengi hawalisemi. Zile BTU zilizoandikwa kwenye boksi zimepimwa maabara kwa kipimo cha kimataifa, ndani nyuzi 27 na unyevu usiofika hata asilimia 50, nje nyuzi 35. Nje hatuna shida sana, Dar mchana wa kaskazi ni 32 au 33 kwa kawaida, tuko ndani ya kipimo. Tatizo ni huko ndani. Chumba chetu jioni unapofungua mlango ni nyuzi 30 au 31 na unyevu 75, kwa hiyo AC inaanza kazi kwenye hali nzito kuliko ile ya maabara, na sehemu kubwa ya nguvu inaondoka na maji.

Kwa hiyo nyuzi ngapi ni sawa? Kwa spliti ya 12,000 isiyo na tatizo, feni iko juu kabisa, milango imefungwa, mimi nategemea hivi. Chumba kikiwa ndo kimefunguliwa, nyuzi 31 na fukuto, hewa ya mdomoni itoke kama 20 mpaka 22, na hiyo sio mbovu, acha ifanye kazi. Chumba kikishashuka mpaka 28 hivi na ule unato umeanza kupungua, mdomoni iwe 16 mpaka 18. Chumba kikiwa 25 na hewa imekauka, mdomoni 12 mpaka 14. Angalia vizuri hapo: tofauti kati ya hewa inayoingia na inayotoka inaanza na nyuzi 9 au 10 na inaongezeka kadiri maji yanavyopungua, mpaka 11 au 12 na wakati mwingine 13. AC ni ile ile, gesi ni ile ile, kilichobadilika ni maji tu. Ukimsikia mtu anasema "ya kwangu inatoa 12 ya kwako inatoa 19 kwa hiyo yako haina gesi", muulize kwanza chumba chake kilikuwa nyuzi ngapi na AC ilikuwa imewaka tangu saa ngapi.

Kupima kwenyewe sio kazi. Kipimajoto cha kidijitali chenye waya na kichwa kirembamba kinatosha, vile vya kupimia friji, hata kimoja kinatosha japo viwili ni raha zaidi. Kimoja unakipachika juu ya AC pale inapovutia hewa, kingine unakiingiza katikati ya mdomo, kati ya yale mabawa, kichwa chake kisiguse plastiki wala koili (yale mabomba ya baridi ya ndani), mpira wa kufungia hela unakishika vizuri tu. Yale mabawa yazuie yasicheze, yaelekeze mbele. Rimoti iwe 16, feni juu, subiri kama dakika 20, na kabla hujasoma toka nje usikilize kompresa (pampu ya gesi iliyo kwenye mashine ya nje) inanguruma, maana AC ya kawaida kompresa ikijizima feni ya ndani inaendelea kupuliza na namba inapanda haraka, ukisoma hapo utaandika uongo. Ile bunduki yenye taa nyekundu usiitumie kwa kazi hii, inapima joto la plastiki au koili unayoielekezea, haipimi hewa.

Na kasi ya feni ikae akilini muda wote tunapolinganisha. Feni ikiwa chini hewa inapita polepole juu ya koili, inatoka baridi zaidi, nyuzi mbili tatu chini, na maji yanatoka vizuri kwa kila hewa inayopita, lakini ubaridi wote kwa jumla unaoingia chumbani ni mdogo. Feni ikiwa juu namba ya mdomoni inapanda ila chumba kinapoa haraka. Dukani AC ya maonyesho iko kwenye chumba kilichokwisha kupoa tangu asubuhi, hewa imekauka, pengine na feni iko chini, sasa hapo hata AC dhaifu inakupuliza 12. Kwa hiyo mkono wako dukani umepima chumba cha duka.

Haya, tuziweke pembeni kwa pembeni.

Spliti ya kawaida ya 12,000, ile ambayo kompresa ni kuwaka au kuzima hakuna katikati, ndo rahisi kuielewa kwa kipimajoto. Ikiwaka inatoa nguvu zake zote, namba inashuka mpaka pale nilipotaja, chumba kikifika ulikoseti inazima, mdomoni panapanda taratibu mpaka karibu sawa na chumba, halafu inawaka tena. Usiku kucha ni kupanda na kushuka. Ubaya wake kwa hali yetu ya pwani uko kwenye kile kipindi cha kuzima: koili bado ina maji yamening'inia, feni inaendelea kupuliza juu yake, sehemu ya maji inarudi chumbani. Ndo ile hali unayoamka saa tisa usiku chumba kina baridi lakini shuka kama limenyunyiziwa. Uzuri wake ni bei ya kununulia, spea zipo kila kona, na karibu kila fundi wa Dar anaijua, hata kadi yake (bodi ya umeme) ikiungua kuna mtu Gerezani atakutengenezea.

Inveta ya 12,000 inaanza kwa kasi kama hiyo ya kawaida, nyingine zinazidi kidogo dakika za mwanzo, mdomoni unapata namba zile zile. Halafu chumba kikikaribia ulikoseti haizimi, inapunguza mwendo, na hapo ndo watu wanapoichukia bila sababu, kwa sababu mdomoni namba inapanda mpaka 16, 17, hata 18 na inabaki hapo. Mtu anaweka mkono anasema hii imechoka. Haijachoka, chumba kiko 25 na kinabaki 25, inatoa kiasi kinachohitajika basi. Ukitaka kuipima kama ina nguvu lazima uilazimishe, rimoti 16, feni juu, na upime chumba kikiwa bado na joto. Ukiipima saa sita usiku ikiwa imetulia hutajua kitu.

Kwenye unyevu inveta ina faida na ina kasoro moja, na nisiifiche. Faida ni kwamba koili inakaa baridi muda wote, haina kile kipindi cha kurudisha maji chumbani, kwa hiyo unyevu unatulia. Kasoro ni kwamba ukiiseti juu sana, 27 au 28, na nje kumepoa kidogo kama usiku wa masika, kompresa inakwenda polepole mno, koili haipati baridi ya kutosha kukamua maji, unabaki na chumba kisicho na joto ila kina unato. Dawa yake ni kushusha rimoti mpaka 25 na feni chini, au kutumia ile alama ya tone la maji kwenye rimoti.

Kwenye hela, tuchukue mfano wa mtu anayewasha usiku masaa 8. AC ya kawaida ya 12,000 inavuta kama kilowati 1.1 kompresa ikiwaka, tuseme inawaka asilimia 60 ya muda, hiyo ni uniti 5.3 hivi kwa usiku. Inveta ikiwa chumba kimefungwa vizuri tuseme wastani wake ni kilowati 0.45, uniti 3.6. Kwa T1 (kundi la bei ya umeme la watumiaji wa kawaida) ambako uniti inakaa kwenye shilingi 350 na ushee, tofauti ni kama shilingi 600 kwa usiku, elfu 18 kwa mwezi. Kwa mtu anayewasha kila siku kuanzia Novemba mpaka Aprili hiyo ni hela ya kueleweka, nyongeza uliyolipa dukani inarudi. Kwa mtu anayewasha sebuleni Jumapili wageni wakija, haitarudi leo wala kesho, na akinunua ya kawaida hajakosea kitu. Halafu ujue chumba kinachovuja, cha luva zisizofunga vizuri, inveta haipati nafasi ya kupunguza mwendo, inakimbia usiku kucha kama ile ya kawaida na ile faida uliyolipia inatokea dirishani.

Sasa hii ya 18,000 kwenye chumba cha 12,000. Hapa ndo naomba mnisikilize kwa makini kwa sababu wengi wanaingia hapa kwa nia nzuri kabisa, wanasema bora izidi kuliko ipungue. Ukiipima mdomoni inapendeza, chumba kidogo kinashuka haraka, dakika kumi tu kiko 24, mdomoni 12, unafurahi. Lakini imefika kabla haijakamua maji. Joto linatoka haraka, maji yanatoka kwa muda, yanahitaji hewa ipite kwenye koili baridi tena na tena. Ile ya kawaida ya 18,000 inawaka dakika chache inazima, inawaka inazima, maji yanabaki, matokeo yake ni ule ubaridi wa pangoni, ngozi baridi na bado unanata, nguo kabatini zinaanza harufu, ukuta wa pembeni unatoa madoa meusi. Halafu mtu anajibu kwa kushusha rimoti mpaka 18 ili aondoe unato, LUKU inakimbia. Inveta ya 18,000 inavumilia zaidi kwa sababu inaweza kupunguza mwendo, ila nayo ina kiwango cha chini isichoweza kushuka zaidi, kwa hiyo tatizo linapungua, haliishi.

Kwa vyumba vya Dar mimi naenda hivi: chumba cha mita 3 kwa 3 mpaka 3 na nusu kwa 3 na nusu chenye dari ya jipsam na ukuta usiopigwa jua la jioni, 9,000 inatosha. Mita 4 kwa 4, 12,000. Ukiwa ghorofa ya juu kabisa chini ya bati, au ukuta mzima unatazama magharibi, au chumba kina luva za zamani, panda ngazi moja, hapo ndo 12,000 inakuwa halali kwa chumba kidogo na 18,000 inakuwa halali kwa chumba cha 4 kwa 4 au sebule ya mita 5 kwa 4 na nusu. Ila kama hela ipo bora kwanza uweke dari na kuziba zile luva, AC ndogo kwenye chumba kilichofungwa inaishinda kubwa kwenye chumba kinachovuja, na inaishinda kila mwezi.

Zile za magurudumu zenye bomba la dirishani ndo ushahidi mkubwa kwamba namba ya mdomoni inadanganya. Ukipima inakupa 13, 14, safi kabisa. Chumba hakishuki. Sababu ni kwamba nyingi zina bomba moja tu, zinachukua hewa ya chumbani, zinaipitisha kwenye sehemu yake ya moto na kuitupa nje, na hewa inayotoka lazima nyingine iingie, inaingia ya nje yenye nyuzi 31 na maji yake yote kupitia chini ya mlango. Inapoza huku inaingiza fukuto. Kwa mpangaji ambaye mwenye nyumba kamkataza kutoboa ukuta naelewa, ila achukue yenye mabomba mawili kama ataipata, na ategemee kupunguza makali tu.

Feni za maji, zile zinazouzwa kwa jina la ea kula na unawekewa vibarafu, kwa Dar sishauri kabisa. Zinafanya kazi kwa kuyeyusha maji hewani, na hewa ikishakuwa na maji haipokei mengine. Siku yenye nyuzi 32 na unyevu 70, hata kifaa kizuri kiasi gani hakiwezi kushusha hewa chini ya nyuzi 27 na kidogo, na njiani kinakuongezea unyevu chumbani. Ndugu yako wa Dodoma mwezi wa kumi, nyuzi 30 na unyevu 35, anaweza kuisifia na anasema kweli, kwake kikomo ni karibu nyuzi 19. Usinunue kwa ushuhuda wa Dodoma.

Kuhusu alama ya tone na alama ya theluji kwenye rimoti, watu wanauliza ipi. Mchana wa Februari chumba kikiwa 30, theluji, bila kufikiria. Alama ya tone inashusha feni chini kabisa na kompresa inafanya kazi kwa vipindi, mdomoni utaona namba nzuri sana kwa vipindi hivyo, 11 au 12, ila ubaridi wa jumla ni mdogo na chumba cha joto kitakushinda. Usiku wa Aprili mvua inanyesha, chumbani 27 na unyevu uko 85, hapo tone ndo mahali pake, linakausha bila kukugandisha. Wengi tunaanza na theluji kwa muda wa saa moja hivi halafu tone mpaka asubuhi, na inafanya kazi vizuri.

Kushusha rimoti mpaka 16 kwenye AC ya kawaida hakuifanyi itoe hewa ya baridi zaidi. Mdomoni ni namba ile ile, rimoti inaiambia tu izime lini. Kwenye inveta inaikimbiza kwa muda mrefu, lakini kikomo chake ni kile kile.

Kuna namba mbili za kukushtua. Ya kwanza ni tofauti ndogo: AC imewaka nusu saa, chumba kimefungwa, kompresa inanguruma, na kati ya inakoingilia na inakotokea hazifiki hata nyuzi 7. Usikimbilie gesi. Anza na filta, halafu koili ya ndani, halafu ile ya nje, na kwa sisi wa pwani koili ya nje ni habari kubwa, Mbezi Beach, Msasani, Kigamboni upepo wa chumvi unakula zile bati nyembamba za alumini mpaka zinapukutika ukizigusa kwa kidole, zikishapukutika joto halitoki. Angalia pia umeme, jioni mtaa mzima ukiwasha umeme unashuka, kompresa inahangaika au inagoma kabisa kuwaka, stebilaiza inasaidia hapo. Angalia autidoo (ile mashine ya nje) imewekwa wapi. Kwenye maghorofa ya Upanga na Kariakoo utaona autidoo kumi zimepangwa kwenye uchochoro mmoja zinatazamana, kila moja inavuta joto la mwenzake, hapo mdomoni utakosa nyuzi kadhaa na hakuna gesi itakayotibu.

Ikifika kwenye gesi, kuna maneno nayasikia sana majumbani. Fundi anasema, "Mama, gesi imepungua tuongeze." Mama anauliza, "Imeenda wapi fundi?" Na hilo swali ni sahihi kabisa, asione aibu kuliuliza. Gesi inazunguka kwenye mabomba yaliyofungwa, AC haiili. Ikipungua kuna mahali inavuja, mara nyingi kwenye zile nati za maungio, kuna povu la sabuni litaonyesha. Kuongeza bila kuziba ni kumlipa fundi kila msimu.

Namba ya pili ya kushtua watu wanaifurahia badala ya kuiogopa: tofauti inazidi nyuzi 15 huku hewa inatoka kidogo tu. Filta imeziba au ile feni ya mviringo ya ndani imejaa vumbi lililoshikana na unyevu, hewa inapita kidogo inapoa mno, mwisho koili inaganda barafu, asubuhi barafu inayeyuka inamwagika kitandani. Mdomoni umesoma 9, umewatangazia watu, kumbe chumba kiko 29. Osha filta kila wiki mbili tatu msimu wa joto, maji ya bomba yanatosha.

Kwa hiyo unanunua ipi? Chumba cha kulala unachowasha kila usiku, kimefungwa vizuri na una mpango wa kukaa hapo miaka: inveta ya saizi sahihi, na ukiweza iwe ya gesi ya R32 kwa sababu ni gesi ya aina moja, sio mchanganyiko kama R410A, kwa hiyo ikipungua inaongezwa bila wasiwasi wa mchanganyiko kuharibika, na madhara yake kwa hali ya hewa ni kama theluthi moja ya R410A. Inashika moto kidogo, kwa hiyo fundi asiyeijua asiiguse na moto wa kulehemu. Nyumba ya kupanga ambayo mwakani unaweza kuhama, umeme wa kurukaruka, matumizi ya wikiendi: ya kawaida, 9,000 au 12,000 kulingana na chumba, na hela iliyobaki weka kwenye stebilaiza na kuziba madirisha. Ya R22 usinunue hata kwa bei ya kutupa, gesi hiyo inaondolewa sokoni dunia nzima kwa mkataba wa Montreal wa 1987, na mitumba mingi ya zamani ndo hiyo. Soma kibandiko cha autidoo, imeandikwa.

Na siku fundi anafunga, mwombe vitu viwili kabla hajaondoka na hela yake. Atumie pampu ya kufyonza hewa kwenye mabomba, asiisukume hewa nje kwa gesi ya AC, maana hewa ya Dar ikibaki humo imebaki na maji yake. Na kama bomba limekuwa refu kuliko mita zilizoandikwa kwenye kitabu, mara nyingi 5 hivi, gesi ya nyongeza iwekwe kwa mzani, kwa gramu za kitabu, sio kwa kugusa bomba na mkono. Halafu wote wawili msubiri dakika 20, mpime juu na mdomoni, muandike namba mbili hizo na joto la chumba kwa kalamu ya maka kwenye ubavu wa AC, pamoja na tarehe. Msimu ujao mtu akikwambia gesi imeisha, unapima tena chumba kikiwa na joto lile lile unalinganisha na zile zilizoandikwa.